Kisanduku Kisicho na Kumbukumbu: Utabibu wa Magari ya Injekta za Mwanzo

Mtu aketiye kwa mara ya kwanza ndani ya Porsche 914 ya miaka ya mwanzo ya 1970, akaugeuza ufunguo bila ya kuiwasha injini, husikia mvumo mwembamba wa pampu ya petroli, mfano wa nyuki aliyefungiwa chupani, ambao hudumu kwa sekunde moja na nusu hivi kisha ukakatika ghafla. Kimya kile kimewatia hasara watu wengi. Wako waliodhani kuwa pampu imekufa, wakaifungua, wakaiweka kando, wakanunua nyingine kwa fedha si haba, na ile mpya ilipokwisha fungwa nayo ikavuma sekunde moja na nusu na kunyamaza vile vile kama mwenzake aliyetupwa. Pampu ya kwanza haikuwa na ila yoyote. Waliolibuni gari walitaka iwe hivyo: pampu ivume kidogo ili mabomba yajae, kisha ingoje hata injini ianze kuzunguka, maana petroli inayosukumwa kwenye injini iliyosimama, hasa baada ya ajali, ni moto unaotafuta cheche.

Nimeanza na kisa cha pampu kwa kuwa ndani yake umo muhtasari wa yote nitakayoyasema. Magari ya mwanzo yenye injekta za umeme yameponzwa na hukumu za haraka zaidi kuliko yalivyoponzwa na uchakavu, na fundi anayetaka kuyatibu hana budi awe kama kadhi mwadilifu, asiyemtia hatiani mtu kwa sababu ya sura yake ngeni, bali huwaita mashahidi mmoja mmoja, akawasikiliza hata mwisho, ndipo akanena.

Nasaba ya mfumo huu

Kwa miaka mingi petroli iliingia katika injini kwa njia ya kabureta, chombo ambacho hakina akili ila ile ya maumbile: hewa hupita kwa kasi mahali pembamba, kasi ile huzaa mvuto, na mvuto hunyonya petroli katika vitundu vya shaba vilivyotobolewa kwa kipimo. Ni chombo chepesi kufahamika na chepesi kutengenezeka, lakini kipimo chake ni cha kukisia, kwani tundu lililofaa asubuhi ya baridi halifai adhuhuri ya joto, wala lile lifaalo pwani halifai mlimani.

Mwaka 1957 kampuni ya Bendix ya Marekani ilitangaza chombo kiitwacho Electrojector, ambacho kilikusudiwa kuipima petroli kwa umeme. American Motors waliahidi kukitia katika Rambler Rebel yao ya mwaka ule, ahadi isiyowafikia wanunuzi. Na Chrysler, katika magari yao ya mwaka 1958, walikitia katika magari machache, takriban 35, ambayo mengi yake yalirudishwa karakana yakatiwa kabureta. Fikra ilikuwa sahihi, lakini vifaa vya umeme vya zama zile vilikuwa dhaifu mbele ya joto, unyevu na mtikisiko. Fikra ile ikavuka bahari, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ikaichukua kwa idhini ya wenye hataza, ikaijenga upya kwa transista zilizokuwa zimekwisha komaa, na mwaka 1967 ikaitoa kwa jina la D-Jetronic, herufi D ikiwa ya neno la Kijerumani Druck, yaani shinikizo.

Gari la kwanza kuupokea mfumo huo lilikuwa Volkswagen 1600 iliyopelekwa Marekani, na sababu haikuwa anasa wala mbio. Serikali ya nchi ile ilikuwa imeweka sheria mpya za moshi kwa magari ya mwaka 1968, na injini ya Volkswagen, iliyopozwa kwa upepo, ilihitaji kipimo cha petroli kilicho sahihi kuliko kabureta ziwezavyo. Baada ya hapo mfumo ukaenea: Volvo 1800E, Citroën DS 21, Saab 99, Mercedes-Benz 280 SE 3.5 na 350 SL, na hiyo Porsche 914 ambayo nitaitumia hapa kuwa mfano. Kuanzia mwaka 1973 Bosch wenyewe walianza kutoa mifumo mingine, na D-Jetronic ikaanza kupungua pole pole. Lakini uzao wake haukukatika, kwani magari mengi ya Kijapani yanayokwenda katika barabara zetu leo yana kifaa ambacho mafundi wa kwetu hukiita MAP sensa, nacho hufanya kazi ile ile kwa hoja ile ile.

Petroli inayopimwa kwa saa

Muradi wa mfumo huu ni kama ifuatavyo. Pampu huisukuma petroli katika bomba linalozunguka na kurudi kwenye tenki, na kirekebishaji kilichomo njiani huizuia ili shinikizo lake lisipande wala kushuka, bali lidumu katika bar 2 hivi, ambazo ni sawa na ratili 29 kwa kila inchi ya mraba. Juu ya bomba hilo zimefungwa injekta, moja kwa kila silinda, na kila injekta ni mlango mdogo unaofunguliwa na sumaku ya umeme. Maadamu shinikizo halibadiliki, kiasi cha petroli kinachopita hutegemea jambo moja tu, nalo ni muda ambao mlango ulikuwa wazi. Petroli hapa haipimwi kwa tundu wala kwa kijiko. Hupimwa kwa saa, na saa yenyewe ni ya ajabu, kwani mlango hufunguka kwa muda wa kati ya sehemu 2 na sehemu 10 za elfu za sekunde moja.

Anayeamua muda huo ni kisanduku cha bati ambacho mafundi huku kwetu hukiita kontroli boksi. Msomaji asikifikirie kuwa ni kompyuta kama zijulikanazo sasa. Hakina tarakimu, hakihesabu, wala hakikumbuki lolote. Ndani yake mna vipande mia mbili na ushei vya umeme, vilivyopangwa ili vilinganishe nguvu ya mkondo huu na ya mkondo ule. Gari la siku hizi likiugua, fundi huchomeka mashine akasomewa makosa yaliyoandikwa katika kumbukumbu yake. Kisanduku hiki hakijapata kuandika kosa hata moja tangu kilipotoka kiwandani, na ukikiuliza jana injini ilikuwaje, hakina jibu. Hujua sasa, na sasa pekee.

Nayo habari za sasa hukijia kutoka kwa mashahidi wachache. Shahidi mkuu ni kipima shinikizo, chombo cha chuma cha ukubwa wa ngumi, kilichounganishwa kwa mpira na manifodi ya hewa. Ndani yake mna vijaluba viwili vya bati jembamba vilivyotolewa hewa yote, ambavyo hutanuka ombwe la injini likizidi na kusinyaa likipungua, na kwa kutanuka na kusinyaa huko huusogeza mchi wa chuma katikati ya waya uliosokotwa. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, injini huvuta hewa isiyopatikana, shinikizo katika manifodi hushuka, na kisanduku hupunguza petroli. Akikanyaga hata chini, shinikizo hukaribia lile la hewa ya nje, na petroli huongezwa. Shahidi wa pili yumo ndani ya distribyuta, chini ya pointi za kawaida: jozi mbili za pointi ndogo zinazokiambia kisanduku wakati wa kufungua injekta, ambazo katika injini ya silinda nne hufunguka mbili mbili. Mashahidi wengine wawili ni vipima joto, mmoja wa hewa na mmoja wa injini. Na wa mwisho ni swichi iliyoko kwenye kilango cha hewa, inayoeleza mguu wa dereva unafanya nini. Pembeni wako watumishi wawili wa asubuhi: injekta ya ziada inayopuliza petroli wakati wa kuwasha injini baridi, na vali ya hewa ya ziada inayoipandisha mizunguko hata injini ipate moto.

Kwanza afya ya injini

Kosa kubwa kuliko yote, na ambalo limesababisha mifumo mingi mizima kung'olewa na mahali pake pakatiwa kabureta, ni kuanza matibabu kwenye umeme kabla ya kuipima injini yenyewe. Kipima shinikizo hakipimi petroli wala hewa, bali husikiliza pumzi ya injini, na injini yenye ugonjwa hupumua vibaya. Vali ikiwa haikai sawasawa, au pistoni imelegea, au moto wa plagi umechelewa, ombwe la manifodi hupungua. Kipima shinikizo hukiarifu kisanduku kuwa shinikizo limepanda, na kisanduku, kwa kuwa hakina njia ya kujua kuwa mguu wa dereva haujaongeza kitu, huitikia kwa kuongeza petroli. Moshi mweusi hutoka, plagi huingia masizi, na mwenye gari hukilaani kisanduku ambacho kimetii kila neno kililoambiwa. Wahenga walisema usimlaumu dobi, kaniki ndiyo rangi yake.

Kwa hiyo utaratibu ni mmoja, nao haubadiliki. Mbano wa kila silinda hupimwa. Nafasi za vali hurekebishwa injini ikiwa baridi. Pointi za moto hukaguliwa na pengo lake kusahihishwa. Na wakati wa moto huwekwa kwa taa, ambapo kwa 914 yenye injini ya lita 1.7 kipimo ni nyuzi 27 kabla ya kilele, injini ikienda mizunguko 3,500 kwa dakika. Kama kuna mtu aliyewahi kuibadilisha kamshafti akatia iliyo kali zaidi, hapo fundi ajue kwamba amekabidhiwa kesi nzito, kwani pumzi ya injini imegeuka na kisanduku kingali kinaifasiri kwa lugha ya zamani.

Baada ya hapo hutafutwa mianya ya hewa. Katika mfumo huu mwanya una tabia ya kuwapotosha waliozoea kabureta, maana kwenye kabureta hewa ya wizi huifanya injini ipungukiwe na petroli hata izime, ilhali hapa hewa iingiayo kwa wizi hupandisha shinikizo la manifodi, nacho kisanduku huilipa hewa ile petroli yake. Matokeo yake ni kwamba injini haizimi, bali sailensa, yaani mwendo wa injini mguu ukiwa haupo kwenye mafuta, hupanda na kukataa kushuka, au hupanda na kushuka kama mtu apumuaye katika homa. Mipira ya zaidi ya miaka hamsini, ambayo kwa macho yaonekana mizima, hupasuka chini mahali inapoingia kwenye bomba. Wako wanaotafuta mwanya kwa kurashia petroli juu ya injini inayokwenda. Hao nawasihi waache, kwa kuwa moshi mweupe uliopulizwa kwa shinikizo dogo ndani ya manifodi huonyesha kila ufa bila ya kuhatarisha maisha ya mtu.

Mashahidi mmoja mmoja

Injini ikisha thibitika kuwa nzima, geji hufungwa kwenye bomba la petroli. Kisanduku huhesabia kwamba shinikizo ni lile lile siku zote, na shinikizo likiwa pungufu kila injekta hutoa kidogo, likizidi hutoa zaidi, na hakuna chombo chochote katika gari hili kitakachotambua tofauti hiyo. Kirekebishaji kina skrubu, na skrubu hiyo imewashawishi wengi kuongeza petroli ili wafiche ugonjwa ulioko kwingine. Iwekwe katika kipimo cha kitabu, isiguswe tena.

Kisha hufuata umeme, na hapa multimita ya bei nafuu yatosha. Jambo la kwanza si kupima, bali ni kusafisha: waya za erthi zilizofungwa kwenye mwili wa injini zifunguliwe, zikwanguliwe hata chuma kiwe cheupe, zirudishwe, na soketi zote zichomolewe na kuangaliwa, maana joto la miaka hugeuza mpira wa waya ukawa kama ganda la yai. Vipimo vichukuliwe kwenye soketi kubwa ya kisanduku, yenye njia 25, wala si kwenye kifaa chenyewe, kwa sababu anayepima kule mbali hupima kifaa pamoja na waya wote uliomo njiani, na aghalabu mwenye hatia huwa ni waya.

Kipima joto cha injini katika hewa ya nyuzi 20 huonyesha ukinzani wa omu 2,500 hivi, nao hushuka sana kadiri injini ipatavyo moto. Waya wake ukikatika, ukinzani huwa hauna mwisho, na kisanduku, ambacho kimefundishwa kuwa ukinzani mkubwa ni baridi kali, huamini kwamba injini imezikwa katika barafu isiyopata kuonekana duniani, kikaigharikisha kwa petroli hata plagi zikalowa. Gari liwakalo vizuri asubuhi kisha likatapika moshi mweusi linapopata moto limechunguzwa mara nyingi kwa siku nzima, na mwisho ikaonekana kuwa ni waya mmoja uliotoka kwenye kipima joto hiki.

Injekta zenyewe zina ukinzani mdogo, kama omu 2.4, na hapa pana onyo ambalo sharti lisomwe mara mbili: zisiunganishwe moja kwa moja na betri ya volti 12 kwa kuzijaribu, kwa kuwa zimezoea umeme uliopunguzwa, na umeme kamili huziunguza kwa muda mfupi. Injekta iliyolala miaka ndani ya gari lisilotembea huziba kwa utando wa petroli ya zamani, na dawa yake ni kupelekwa kwa wenye mashine ya kuosha na kupima, ili zote nne zithibitishwe kuwa hutoa kiasi kimoja.

Zile pointi ndogo ndani ya distribyuta huzeeka kwa namna yake. Kwa kuwa mkondo upitao ndani yake ni hafifu, haziungui kama pointi za moto, bali hushika kutu nyembamba na mafuta. Jozi moja ikikataa kugusana, silinda mbili hunyimwa petroli kwa mara moja, na injini hutetemeka kwa nguvu ya silinda mbili zilizobaki. Zisisuguliwe kwa msasa. Karatasi ngumu safi iliyoloweshwa spiriti, ikipitishwa katikati yake, yatosha.

Ama swichi ya kilango cha hewa, dalili yake ni ya pekee. Ndani yake mna meno madogo ambayo dereva anapokanyaga mafuta hupitiwa na kidole cha shaba, na kila jino huamuru tone la petroli la ziada. Njia zake zikilika, gari linalokwenda mwendo mmoja barabarani huanza kurukaruka kama punda aliyechokozwa, kwani mtetemo tu hukifanya kisanduku kidhani kuwa dereva anakanyaga na kuachia. Jaribio lake ni jepesi: ichomolewe soketi ya swichi, gari liendeshwe, mruko ukikoma, mwenye hatia amepatikana.

Watumishi wa asubuhi nao waulizwe. Vali ya hewa ya ziada hupimwa kwa kuubana mpira wake: injini ikiwa baridi, mizunguko sharti ishuke, ikiwa moto, isibadilike. Injekta ya baridi inayovuja huifanya injini moto iwake kwa taabu, na hukaguliwa kwa kuitoa mahali pake na kuielekeza ndani ya chupa, pampu ikivuma, mbali na cheche yoyote.

Shahidi mkuu na lakiri yake

Kipima shinikizo nimekiacha nyuma kwa makusudi, kwa maana ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote, na ndicho kilichodhulumiwa zaidi. Kwa umeme hupimwa mara mbili: msokoto wake wa kwanza huwa na omu 90 hivi, wa pili omu 350 hivi, na wala hapana mmoja unaoruhusiwa kugusana na mwili wa chombo. Kwa hewa hupimwa kwa pampu ndogo ya mkono: huvutwa ombwe la inchi 15 za zebaki, kisha fundi hukaa na kutazama. Sindano ikibaki mahali pake kwa dakika kadhaa, chombo ni kizima. Ikirudi upesi, basi kiwambo chembamba kilichomo ndani, ambacho kimejikunja na kujikunjua kwa kila kanyago la mafuta kwa nusu karne, kimepata ufa, na hapana skrubu itakayouziba. Kiwambo hubadilishwa, au chombo chote hubadilishwa kwa kingine chenye namba ile ile, kwani cha Volvo hakikupangwa kwa injini ya 914 hata kama vyafanana kwa sura.

Mwisho wa chombo hiki pana kizibo kilichomiminiwa gundi ngumu, na chini yake zimo skrubu za kupangia. Gundi ile ni lakiri ya kiwanda. Aliyeivunja akageuza skrubu kwa kusikiliza sauti ya injini peke yake amepoteza kipimo ambacho hawezi tena kukikumbuka. Siku hizi wako mafundi wanaoweza kukirudisha, kwa kutia katika ekzosi kipima oksijeni cha masafa mapana, kinachosoma uwiano wa hewa na petroli, ambao kwa hesabu ya wanakemia hukamilika kwa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzani. Lakini hata hao hugeuza robo ya robo ya mzunguko, wakaandika, wakaliendesha gari, ndipo wakageuza tena.

Kinachobaki kwa mwenye gari ni marekebisho mawili yaliyo halali yake. Skrubu ya hewa kwenye kilango huweka mizunguko ya sailensa, ambayo kwa 914 ni kama 900 kwa dakika. Na katika visanduku kadhaa vya magari ya Volkswagen na Porsche pana kirungu kidogo cha kuzungusha, kinachopunguza au kuongeza petroli wakati wa sailensa tu. Anayekigeuza kirungu hicho ili kuponya ugonjwa wa barabarani ni sawa na anayepaka rangi mlango ili kuzuia paa lisivuje.

Pwani, bara na mlima

Hapa niongeze jambo linalotuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki kuliko wale walioviandika vitabu vya karakana. Mtu akilitoa gari la kabureta Mombasa akapanda nalo hadi Nairobi, mji ulioko karibu mita 1,800 juu ya bahari, petroli huzidi hewa, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na tundu la kabureta halijui hilo. Gari la D-Jetronic, kwa sababu vijaluba vyake havina hewa ndani na hivyo hupima shinikizo kutoka kwenye sifuri kamili, hujipunguzia petroli lenyewe likipanda. Nguvu itapungua, hilo haliepukiki, maana injini haiwezi kuchoma hewa isiyokuwapo. Lakini moshi hautakuwa mweusi.

Ila fundi wa Nairobi naye ana mtego wake. Geji ya ombwe hupima tofauti ya hewa ya ndani na ya nje, na kadiri tupandavyo usomaji wake hupungua kwa inchi 1 ya zebaki hivi kwa kila futi 1,000. Katika mji ulioko karibu futi 5,900, injini iliyo nzima kabisa itaonyesha inchi 6 hivi pungufu ya kile kilichoandikwa katika kitabu cha watu wa usawa wa bahari, na asiyelijua hilo huweza kuivunja injini isiyo na ugonjwa.

Juu ya moto

Nimesema habari za subira, lakini liko jambo moja lisilongoja. Petroli ya mfumo huu ina shinikizo lipitalo mbali lile la kabureta, na mpira uliopasuka haudondoshi, bali hurusha. Katika 914 betri imewekwa ndani ya chumba cha injini, na katika magari ya miaka ya mwanzo pampu ilifungwa chini upande ule ule, karibu na joto la injini, hata tindikali ikivuja kwenye betri huishia juu ya mipira ya petroli. Joto lile lile liliigeuza petroli kuwa mvuke ndani ya pampu, gari likazima mchana wa jua. Na kwa magari ya mwaka 1975 pampu ikahamishiwa mbele, chini ya tenki. Anayenunua gari la namna hii abadilishe mipira yote ya petroli kabla ya kuiwasha injini, atie ile iliyotengenezwa kwa ajili ya injekta, na kila asikiapo harufu ya petroli aache ufunguo mfukoni.

Daftari

Gari likisha tibiwa kwa utaratibu huu, kisanduku chenyewe hubaki kuwa cha mwisho kushukiwa, na mara nyingi huachiwa huru bila ya kufunguliwa. Ni kweli vipo visanduku vilivyokufa, na njia ya kujua ni kuazima kingine chenye namba ile ile na kukijaribu. Lakini anayekijaribu awe amekwisha wasikia mashahidi wengine wote, asije akakirudishia tuhuma ambayo waya ulipaswa kuijibu.

Basi mwenye gari na awe na daftari, aliweke pamoja na spana zake. Aandike shinikizo la petroli siku ile alipolipima, omu za kila kifaa na joto la hewa wakati wa kupima, ombwe la sailensa na mji alipopimia, nyuzi za moto wa plagi, na mahali kirungu kilipokuwa kabla hakijaguswa. Baada ya mwaka mmoja, gari likianza kutoa moshi, hatakuwa na haja ya kukisia ni kipi kilichobadilika. Atafungua ukurasa, atapima tena, na tofauti itajitaja yenyewe. Waliokiunda kisanduku mwaka 1967 hawakukipa kumbukumbu kwa kuwa hawakuwa na namna ya kuitia ndani ya bati lile dogo. Iliachwa nje, kwa mtu mwenye kalamu.